Siku ya Kuchangia Ramani: Tusianze na Fulana

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya wiki tatu na ushee, mpaka wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani! Ni test mfululizo, kozi weki tatu ndani ya wiki moja, na bumu ambalo hali yake mnaijua wenyewe. Leo nimepata nafasi, na kuna jambo nataka kulisema kabla ya kikao chetu cha Jumamosi. Kikaoni wasemaji ni wengi na sauti yangu ni ndogo. Afadhali niandike hapa, asome anayetaka, halafu tukabishane tukiwa tumeshafikiri.

Jambo lenyewe ni hili. Kikundi chetu cha ramani hapa chuoni kinataka kuandaa siku ya kuchangia OpenStreetMap. Kwa mgeni wa ukurasa huu, OpenStreetMap ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora, kuirekebisha na kuitumia bila kulipa. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Nyuma ya ramani hiyo kuna programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuziboresha. Ipo iD, unayochorea kwenye intaneti moja kwa moja. Ipo JOSM, ya wale waliokwisha kubobea. Ipo Tasking Manager, inayokata eneo vipande vipande ili watu mia wachore bila kugongana. Na ipo StreetComplete, ya kwenye simu. Hakuna anayelipwa mshahara kwa kuchora kijiji chake. Watu wanachangia tu, na siku ya kuchangia ni siku ya kukutana, kufundishana na kufanya kazi hiyo pamoja. Wenyewe wanaiita mapathoni.

Mezani kuna mapendekezo mawili. La kwanza: tukodi ukumbi, tualike watu 200, tutafute mfadhili wa fulana na chakula, tumwite mgeni rasmi, tuchore siku nzima. La pili, ambalo ni langu na wenzangu wawili: tuachane na ukumbi. Tusubiri likizo ndefu, kila mmoja aende kwao, akafanye siku ndogo ya watu kumi au kumi na wawili, na aandae mtu wa kubaki na kazi hiyo sisi tukirudi chuoni. Mimi nimejitolea kuanza na kwetu Ijumbi, Muleba.

Najua mtasema huyu nshomile anapigania kwao. Ngojeni nieleze.

Kwanza, jambo hili si geni kwetu. Novemba 2009, Kibera, Nairobi, vijana 13 wa palepale walipewa vifaa vya GPS wakaanza kuzunguka mitaa yao, maana kwenye ramani za wakati huo Kibera ilionekana kama mahali patupu. Mwaka 2011 zamu ikawa ya Tandale hapa Dar, wanafunzi wa Ardhi wakitembea na wakazi. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kwenye mitaa inayofurika, wakachora nyumba na mifereji ili ijulikane maji yanapita wapi. Mwaka huohuo Crowd2Map ikaanza kushughulika na vijiji vya Tanzania. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ukafanyika hapahapa Dar. Kwa hiyo mtu asije akatuambia haya ni mambo ya Wazungu.

Katika yote hayo, mfano unaonigusa zaidi ni wa Serengeti, mkoani Mara. Kule kuna nyumba salama inayopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Sasa fikiria msichana ameomba msaada usiku, anataja kitongoji chake, na kitongoji hicho hakipo kwenye ramani yoyote. Anayekwenda kumchukua ashike njia ipi? Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walikaa wakachora barabara na nyumba za eneo lile kwa kutazama picha za satelaiti. Walifanya kazi kubwa, na nawashukuru. Lakini hakuna mtu wa London aliyeweza kujua jina la kitongoji kwa kutazama bati lake kutoka juu. Majina yalitoka kwa watu wa kule kule, wakiwa na simu mkononi.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Nawaomba mkifika Jumamosi mjiulize: ni kitu gani ambacho sisi tunaweza kuchangia na mwingine hawezi?

Kuchora mapaa siyo jibu tena. Mwaka 2021 Google walitoa orodha ya majengo milioni 516 ya Afrika, yaliyotambuliwa na kompyuta kwenye picha za satelaiti. Milioni mia tano na kumi na sita! Sisi 200 ukumbini, na fulana zetu, tutachora mangapi kabla ya wali kufika? Mashine inaona paa. Haijui kwamba paa lile ni zahanati na lile la pembeni ni ghala la kahawa. Haijui kwamba daraja lile ni la miti na mvua zikikolea gari halipiti. Hayo anayajua dereva wa bodaboda wa pale, na mama anayekwenda kliniki kwa miguu.

Halafu huko kwetu hata mashine inahangaika. Wanaoijua Kagera wanielewe. Ukitazama Ijumbi kutoka angani unaona kijani. Chini ya kijani hicho kuna migomba, katikati ya migomba kuna mikahawa, chini ya mikahawa kuna maharage, na katikati ya vyote kuna nyumba yenye watu. Hicho ndicho kibanja. Njia ya kwenda kwa jirani inapita humohumo ndani ya migomba, upana wake mtu mmoja na ndoo kichwani. Ukitoka kwenye vibanja unakuta rweya, nyasi tupu, halafu kijiji kingine. Mgeni aliyekaa ukumbini, hata kama ukumbi uko Dar, ataona miti mingi na kuandika msitu. Atakuwa amewaandika babu na bibi yangu kuwa ni msitu!

Na hapa kuna jambo la programu yenyewe. Ndani ya iD ukitaka kuandika ardhi inatumikaje, unapewa aina za kuchagua: shamba, bustani ya matunda, msitu, makazi. Kibanja ni ipi kati ya hizo? Ni zote kwa pamoja. Aliyepanga aina zile hakuwa na ubaya wowote, ni kwamba hakuwahi kuishi kwenye kibanja. Lakini kwa kuwa ni programu huria, aina hizo hujadiliwa hadharani na yeyote mwenye hoja anaweza kupeleka pendekezo. Hali kadhalika tafsiri. Maneno ya iD hutafsiriwa na watu wa kujitolea. Ni nani ataamua kati ya njia ya miguu, kichochoro na barabara ya vumbi, kama siyo sisi tunaosomea ualimu na Kiswahili chetu? Watu wengi wanadhani kuchangia programu huria lazima ujue kuandika msimbo. Hapana. Ukigundua hitilafu ukairipoti vizuri, umechangia. Ukitafsiri maneno kumi yakaeleweka, umechangia. Ukimwambia mtengenezaji "dunia yetu haimo kwenye orodha yako", umechangia kuliko aliyechora mapaa mia.

Wengine mtauliza, kwani Ijumbi kuna nini cha haraka? Nitawajibu bila kuongeza chumvi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu walikufa, nyumba zikaanguka, shule kama Ihungo na Nyakato zikabomoka. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani kwetu, watu 6 wakafa kabla haujaisha mwezi Juni. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Mnajua kazi ya kuzuia ugonjwa wa namna ile? Ni kumtafuta kila mtu aliyekutana na mgonjwa, nyumba kwa nyumba, na kurudi kumwangalia siku 21. Anayetumwa anaambiwa "nenda kwa fulani, kitongoji fulani, ukipita mti mkubwa uulize". Ukiuliza kwa watu wenye hofu, siyo kila mtu atakuonyesha njia. Ramani haiponyi mtu. Ila mhudumu akijua vitongoji viko wapi na njia ipi inapitika, hapotezi nusu siku.

Sasa turudi kwenye ukumbi na fulana. Nimewahi kuhudhuria shughuli ya namna hiyo, sitaji ya nani wala wapi. Ratiba ilisema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi akafika saa tano. Hotuba, picha ya pamoja, chai. Baada ya chai ndipo watu wakaanza kufungua akaunti, na mtandao ukaelemewa. Wengi hawakukumbuka nywila za barua pepe zao. Kufikia kuchora ilikuwa saa saba na nusu, na saa nane chakula. Baada ya chakula mnajua wenyewe, watu wakaanza kuulizia posho. Nyumba zilizochorwa siku ile zilikuwa kama viazi mbatata, nyingine zimechorwa mara mbili juu ya nyingine. Nani alizirekebisha? Watu wasiotujua, kutoka nchi nyingine, usiku wao. Tulikwenda kuchangia tukawaongezea kazi. Ripoti iliyoandikwa ilitaja idadi ya washiriki na idadi ya majengo, ikapendeza kweli. Mwezi mmoja baadaye niliangalia majina tuliyokuwa nayo meza moja. Hakuna aliyerudi kuchora hata nyumba moja.

Sisemi watu wale walikuwa wabaya. Mwanafunzi ambaye bumu limekata akisikia kuna wali, nyama na nauli ya kurudi, atakwenda, hata mimi nakwenda. Tatizo ni mpango. Ukimwita mtu kwa posho, umemfundisha kwamba kazi hii ina posho. Siku posho isipokuwepo, naye hayupo, na ana haki.

Na posho haitakuwepo daima. YouthMappers, mtandao wa vikundi vya wanafunzi wachora ramani ulioanza mwaka 2015, ulikuwa ukisaidiwa na USAID ya Marekani. Mwaka 2025 USAID ikafungwa. Ilikuwa ghafla, na kila mtu aliona miradi ya aina zote ikisimama. Kikundi kilichokuwa kinajua kufanya kazi na ufadhili tu kilibaki na bango ukutani. Kilichokuwa na watu wanne wanaopenda kazi yenyewe kiliendelea na simu zao.

Niwape mfano mwingine wa nyumbani, wa programu kabisa. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure, huria. Wakati ule watu waliona kama miujiza, kufungua kompyuta na kukuta menyu kwa Kiswahili. Lakini programu haisimami. Mwaka 2010 kundi kubwa la watengenezaji wa OpenOffice lilijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka 2011 OpenOffice yenyewe ikahamia Apache. Kila toleo jipya linakuja na maneno mapya. Tafsiri ni kama shamba la maharage, ukilima msimu mmoja ukaondoka, nyasi zinarudi. Kazi ile ya 2004 ilikuwa nzuri sana, wala simlaumu mtu. Najifunza tu kwamba uzinduzi ni rahisi kuliko mwaka wa pili.

Kwa hiyo nasema siku ya kuchangia ipangwe kuanzia mwisho. Sisi wa elimu tunafundishwa andalio la somo. Huanzi na zana, unaanza na lengo: mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kufanya nini? Halafu unaandika utapimaje kama ameweza. Zana zinafuata. Sasa angalieni pendekezo la ukumbi: limeanza na fulana! Fulana ni zana, tena siyo ya kufundishia.

Andalio langu la Ijumbi ni hili, mlichambue bila huruma.

Lengo: mwezi mmoja baada ya siku yenyewe, wawepo watu wawili wa Ijumbi ambao wanaongeza au kurekebisha ramani bila mimi kuwaambia. Wawili tu. Siandiki idadi ya nyumba. Wawe nani? Nafikiria mwalimu wa jiografia, maana anafundisha usomaji wa ramani kila mwaka na ataitumia darasani. Nafikiria dereva wa bodaboda, maana hakuna njia asiyoijua na simu yake haizimi. Nafikiria mhudumu wa afya wa jamii, maana yeye ndiye anayetafuta nyumba za watu.

Tarehe: Agosti, kiangazi, barabara kavu. Siyo Jumapili, watu wako kanisani. Siyo siku ya gulio. Siyo asubuhi, kwa kuwa ni msimu wa kahawa na watu wana kazi za kuanika na kugeuza. Saa nane mchana hadi saa kumi na mbili. Na jamani, anayetoka Kagera asije akapanga shughuli ya jioni mwezi Novemba. Senene wakishuka utabaki peke yako na projekta yako, hahaha!

Ruhusa: kabla ya yote, barua kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji, na kwenda kuwasalimia ana kwa ana. Hili siyo la adabu tu. Mkionekana vijana mnazunguka na simu mkihesabu nyumba, wazee watasema mnapima ardhi ili iuzwe, au mmetumwa na watu wa kodi. Wana sababu ya kuuliza, kwetu ardhi ndiyo urithi na kesi za mipaka hazijaanza jana. Kwa hiyo kuna sheria tatu ambazo hazijadiliwi: hatuchori mpaka wa kibanja cha mtu, hatuandiki jina la mwenye nyumba, hatupigi picha watu. Tunachora vitu vya wote: njia, madaraja, visima, shule, zahanati, makanisa, misikiti, majina ya vitongoji. Mzee akiuliza "nyie mnatafuta nini hapa, wajukuu zangu", jibu liwe moja kwa wote.

Maandalizi: akaunti zifunguliwe wiki moja kabla, mtu mmoja mmoja, kwa subira. Ramani ya eneo ipakuliwe kwenye simu mapema, maana StreetComplete ukishapakua eneo inaweza kufanya kazi bila mtandao na kutuma majibu baadaye. Inauliza maswali mepesi tu, kama vile barabara hii ni ya lami au ya vumbi. Kwa wasio na simu za kisasa tunachapisha ramani kwenye karatasi za A4, wanachora kwa kalamu, jioni tunaingiza. Bibi anayejua majina yote ya mabonde hana haja ya kujua nywila. Pia mwaka 2018 jumuiya ya OpenStreetMap ilitoa mwongozo kwa wanaochora kwa makundi: jitangazeni mapema, semeni ni nani anaongoza, wekeni alama moja kwenye maelezo ya mabadiliko yenu ili kosa likitokea lifuatiliwe. Tuufuate. Ni heshima kwa wenzetu wanaohakiki.

Siku yenyewe: saa moja ya kufundishana, siyo zaidi. Makundi manne ya watu watatu watatu, kila kundi lina mwenyeji anayezijua njia. Masaa mawili ya kutembea. Saa ya mwisho tunakaa na kuhakiki pamoja kila kilichoingizwa, palepale, aliyechora akiwepo. Uhakiki ndio darasa. Mtu akiona nyumba yake ya kiazi ikinyooshwa mbele yake, hatachora kiazi tena. Wakati huohuo mmoja wetu anaandika kwenye daftari kila neno la programu lililomchanganya mtu, na kila kitu kilichokosa aina yake, kibanja kikiwa cha kwanza. Daftari hilo ndilo tutakalolipeleka kwa watengenezaji.

Chakula: chai, ndizi, na kahawa ya kutafuna. Kwetu mtu akifiwa, majirani hawaulizi posho. Huyu analeta kuni, huyu maji, huyu mkungu wa ndizi, na asiyefika anaulizwa. Watu wanaojua kuchangiana namna hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya kuchangia. Wanahitaji kuelezwa kazi yenyewe ni nini na ina faida gani kwao. Msaragambo tunaujua kuliko waliobuni neno mapathoni.

Tathmini: baada ya mwezi, naangalia kama wale wawili bado wapo. Kama hawapo, siku ile haikufaulu, hata kama tulichora kata nzima. Nitawaandikia hapahapa.

Sasa pingamizi. Najua tatu zinakuja.

"Mtandao vijijini ni wa shida." Kweli, pengine. Ndiyo maana karatasi, ndiyo maana kupakua kabla. Ukumbini mtandao ulikuwepo ukaelemewa.

"Watu kumi na wawili ni wachache, mfadhili hatatuona." Kweli pia. Lakini tukiwa ishirini, kila mmoja na kwao, ni vijiji ishirini. Wapo wa Namtumbo humu, wapo wa Kondoa, wapo wa Pemba. Hakuna ukumbi Dar unaoweza kuwakusanya watu wanaojua njia za sehemu zote hizo. Sisi tunatoka kila kona ya nchi, na huo ndio utajiri wa chuo.

Ya tatu ndiyo nzito: "Wengine hatuna nauli ya kwenda nyumbani, au tuna vibarua likizo." Hii siwezi kuijibu kwa maneno. Basi tuseme hivi: kama kuna pesa yoyote itakayopatikana, isinunue fulana. Ilipe nauli na bando la wale wasioweza. Na anayebaki Dar ana kazi muhimu: kuhakiki wanachotuma wenzake, na kutafsiri. Kila mwenye kijiji apewe mhakiki wake mmoja hapa mjini, wajuane kwa majina, wapigiane simu.

Siukatai ukumbi moja kwa moja. Tukishatoka vijijini, mwezi wa kumi na moja, tukutane, kila mmoja aonyeshe ramani yake na aeleze nini kilishindikana. Hapo hata mgeni rasmi aje, atakuwa na kitu cha kutazama. Na kama mnataka fulana, tutachangishana wenyewe tuzichape, zitakuwa tumezifanyia kazi.

Ninachoogopa ni kwamba Jumamosi pendekezo la ukumbi litapita kwa sababu ni rahisi kulifikiria. Kila mtu ameshawahi kuona warsha, hakuna aliyewahi kuona siku ya ramani kwenye kibanja. Nawaomba mlio kimya vikaoni, mje. Kura zetu ni sawa na za wasemaji.

Kabla sijasahau: natafuta mtu wa Muleba au Bukoba tusafiri pamoja Agosti, hata kama husomi ualimu. Natafuta pia mwenye benki ya umeme ya simu anayeweza kuniazima wiki mbili, nitairudisha nzima. Na kama wewe ni wa Ijumbi, Kamachumu au upande wa Rubya na una jina la kitongoji ambalo unajua halijaandikwa popote, niandikie sasa hivi, usisubiri Agosti.

Niishie hapa wadau, kuna desa la Saikolojia ya Elimu linaninyooshea kidole. Kikao ni Jumamosi saa nne, chini ya mwembe uleule. Njoo na andalio lako.